UZI: Umesahau nywila ya kompyuta? Usipige Windows upya kabla hujajua akaunti yako ni ya aina gani

#1 MezaYaFundi

Habari wakuu. Swali la nywila iliyosahaulika haliishi humu, na jibu linalotolewa haraka ni lilelile: "peleka kwa fundi akupigie Windows upya." Windows mpya itawaka, ni kweli, lakini picha, hesabu za duka au tasnifu iliyobakiza sura moja vitakuwa vimeondoka. Mara nyingi hapakuwa na haja ya kufuta hata faili moja.

Uzi huu ni kwa mwenye kompyuta yake. Kama ni ya ofisi au chuo na unaingia kwa barua pepe ya kazi, ishia hapa: mtu wa TEHAMA wa hapo atakubadilishia nywila kwenye seva kwa dakika mbili, na njia za chini hazitakufaa.

Kwa Windows 10 na 11, kwanza jua mambo mawili. La kwanza, akaunti yako ni ya Microsoft (unaingia kwa barua pepe) au ni ya ndani (jina tu, nywila inaishi kwenye kompyuta yenyewe)? La pili, diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski nzima) au haijafungwa? Ukikosea la kwanza utapoteza siku nzima. Ukikosea la pili unaweza kupoteza kila kitu.

Kisha tofautisha PIN na nywila. PIN ni ya kompyuta hiyo moja tu. Watu wengi wanaosema "nimesahau nywila" wamesahau PIN, na nywila bado wanayo. Kwenye skrini ya kuingilia bofya "Sign-in options", chagua alama ya ufunguo, kisha jaribu nywila ya barua pepe yako. Kama alama ya ufunguo haipo, mashine imewekwa ikubali PIN, uso au kidole tu. Hapo bofya "I forgot my PIN" chini ya kisanduku. Itakuomba nywila ya akaunti ya Microsoft, itatuma namba ya uthibitisho, kisha utaweka PIN mpya. Lazima kuwe na intaneti.

#2 Mpakato_Mzee

Mkuu shukrani. Kwenye skrini yangu linaonekana jina tu, barua pepe haipo. Nitajuaje akaunti ni ya ndani au ya Microsoft?

#3 MezaYaFundi

Windows huificha barua pepe kwa makusudi, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Andika nywila yoyote isiyo sahihi mara moja, bofya OK, kisha tazama maandishi yanayotokea chini ya kisanduku:

"Reset password" maana yake ni akaunti ya ndani yenye maswali ya usalama.
"I forgot my password" maana yake ni akaunti ya Microsoft.
Ukiona kidokezo tu, au hakitokei kitu, ni akaunti ya ndani isiyo na maswali.

Ikiwa kuna kisanduku cha PIN, PIN inaweza kuwekwa kwenye akaunti ya aina yoyote, kwa hiyo nacho kisikudanganye.

Usijaribu nywila kwa kubahatisha mara nyingi mfululizo. Windows 11 zilizosakinishwa tangu toleo la 22H2 hufunga akaunti ya ndani kwa dakika 10 baada ya makosa 10. Kwa PIN, ukikosea mara kadhaa itakutaka uandike A1B2C3 kuthibitisha kwamba kibodi ni nzima, kisha itataka uwashe kompyuta upya. Ukiendelea kukosea, chipu ya usalama inayolinda PIN, yaani TPM, inajifunga yenyewe, na hapo hakuna njia ya mkato ila kuiacha imewashwa na kusubiri.

#4 KibodiZaMitumba

Naongeza jambo linaloonekana dogo lakini linatatua kesi nyingi kabla hata hatujafika kwenye njia ngumu: kibodi.

Laptopu nyingi za mitumba huku kwetu zimetoka Ulaya. Ikiwa mpangilio ni wa Ufaransa, herufi A imekaa palipo Q, Z palipo W, M imehamia kulia kwa L, na namba za juu hazitoki bila kushika Shift. Ikiwa ni wa Ujerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Nywila kama "zawadi2019" itakataa kila siku, na wewe utaamini umeisahau. Angalia kona ya chini kulia: ukiona FRA au DEU, bofya uweke ENG.

Kisha shikilia alama ya jicho iliyo mwishoni mwa kisanduku uone ulichoandika. Kama kuna kitufe kinachojirudia au kilichokufa, fungua kibodi ya kwenye skrini kupitia alama ya Accessibility (Windows 10 huiita Ease of Access) pale chini na uandike kwa kipanya. Angalia Num Lock pia. Kwenye laptopu ndogo za zamani, Num Lock ikiwaka herufi J, K, L na U zinatoa namba.

#5 Salma_Dodoma

Akaunti yangu ni ya Microsoft. Nimebofya "I forgot my password", inataka kutuma namba kwenye laini ambayo sina tena. Kuna njia nyingine au ndiyo basi?

#6 NyaraKwanza

Dada Salma, njia zipo. Zifuate kwa mpangilio huu.

Kwanza, ihuishe laini hiyo kwa mtoa huduma ikiwa namba bado imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote, na wengi huiruka.

Pili, tumia simu au kompyuta nyingine, fungua account.live.com/password/reset, andika barua pepe yako, halafu usichague ile namba ya simu. Tazama kama kuna barua pepe ya pili uliyowahi kuiweka. Inaonyeshwa kwa herufi mbili za mwanzo na nyota. Kama uliwahi kuhifadhi msimbo wa kurejesha akaunti wenye herufi na namba 25, sehemu ya kuuweka ipo hapohapo.

Tatu, kama vyote havipo, jaza fomu ya kurejesha akaunti: account.live.com/acsr. Wataomba barua pepe ambayo unaweza kuisoma sasa, jina, tarehe ya kuzaliwa, nywila za zamani unazokumbuka, vichwa vya barua ulizotuma na anwani ulizoziandikia. Jaza kutoka kwenye kifaa na mtandao uliozoea kuutumia, na ujaze kingi kadiri unavyoweza. Nywila ya zamani iliyo sahihi ina uzito mkubwa. Majibu huja ndani ya saa 24. Ikikataa, unaruhusiwa kujaza tena ukiongeza taarifa. Fomu hii haifanyi kazi kama uliwasha uthibitisho wa hatua mbili.

Ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo, kuna siku 30 za kungoja kabla hazijakubaliwa. Usighairi na kuanza upya katikati, maana siku zinahesabiwa kutoka mwanzo.

Kosa la mwisho ni hili: umeshabadilisha nywila kwenye simu, unarudi kwenye laptopu na inakataa. Laptopu haijui habari hiyo mpaka iingie mtandaoni. Bofya alama ya mtandao chini kulia kwenye skrini ya kuingilia, unganisha Wi-Fi, kisha andika nywila mpya. Wi-Fi za hoteli na vyuo zinazofungua ukurasa wa kuingia hazifanyi kazi pale. Chomeka simu kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti. Bando dogo tu linatosha.

#7 MezaYaFundi

Sasa akaunti ya ndani. Zipo njia nne, naanza na isiyogusa kitu.

Maswali ya usalama: Windows 10 tangu toleo la 1803 la mwaka 2018 humtaka anayeunda akaunti ya ndani yenye nywila aweke maswali matatu. Kosea nywila mara moja, bofya "Reset password", jibu. Majibu lazima yafanane na ulivyoandika siku ile: kama uliandika "Moshi mjini", kujibu "Moshi" kutakataliwa.

Diski ya kurejesha nywila: ni flashi yenye faili dogo liitwalo userkey.psw. Uliiunda siku uliyokuwa unakumbuka, au huna. Ya kompyuta nyingine haikusaidii.

Msimamizi mwingine: kama kwenye kompyuta hiyo kuna akaunti nyingine yenye mamlaka ya msimamizi (ya mume, mke au mtoto mkubwa), ingia nayo, andika cmd kwenye utafutaji, bofya kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", kisha:

net user
net user asha *

Amri ya kwanza inaorodhesha majina, ya pili inakuuliza nywila mpya ya asha mara mbili. Herufi hazionekani unapoandika, ndivyo ilivyo.

Ya nne ni kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi na kuibadilisha nywila kutoka nje ya Windows. Naomba tusiifikie kabla ya kuzungumzia BitLocker.

#8 NyaraKwanza

Nalichukua hilo la BitLocker, maana hapa ndipo data za watu zinapopotelea.

Zamani tulizoea kwamba Windows za "Home" hazifungi diski. Sivyo tena. Laptopu nyingi mpya zinajifunga zenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na kwa Windows 11 iliyosakinishwa upya toleo la 24H2, hilo ndilo jambo la kawaida. Mwenye mashine hajui kwamba ana BitLocker mpaka siku aone skrini ya bluu inayodai ufunguo.

Ufunguo wenyewe ni namba 48, mafungu 8 ya namba 6. Kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja mfumo unaliona fungu lenye kosa na kulikataa. Ukinakili kutoka kwenye karatasi yenye mwandiko mbaya, tumia kikokotoo kulijua fungu lenye kasoro.

Mahali pa kuupata: ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ya Microsoft iliyoanzisha kompyuta hiyo. Utakuta orodha. Linganisha herufi 8 za mwanzo za kitambulisho kilichoandikwa kwenye skrini ya bluu na zile za kwenye orodha. Kama aliyekuuzia au aliyekuwekea Windows alitumia akaunti yake, ufunguo uko kwake. Mtafute kabla hajafuta ile akaunti.

Kama ufunguo haupo popote, data haipo. Hakuna fundi, hakuna programu ya kulipia, hakuna mtu wa mtandaoni atakayeifungua. Anayekuambia atafungua kwa malipo ya awali anachukua pesa yako.

Na angalizo: kuingia BIOS (mipangilio inayofanya kazi kabla ya Windows kuwaka) na kufuta TPM, kuzima Secure Boot au kusasisha BIOS kunaweza kuiamsha ile skrini ya bluu hata kama ulikuwa unakaribia kufaulu. Pata ufunguo kwanza, ndipo uguse BIOS.

#9 Mpakato_Mzee

Nimekosea nywila mara moja, imetokea kidokezo tu. Kwa hiyo ni ya ndani, haina maswali. Mashine ni HP ya zamani yenye Windows 10. Tuendelee na flashi?

#10 MezaYaFundi

Tuendelee, mkuu, ila nakili data zako kwanza.

Tafuta flashi ya GB 8 na kompyuta nyingine. Pakua Linux Mint (faili ni karibu GB 3, tumia Wi-Fi kama bando lako ni dogo), iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Izime HP, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga Esc kisha F9. Kwa Dell na Toshiba ni F12. Lenovo ni F12 au kile kitundu kidogo cha ubavuni kinachobonyezwa kwa sindano. Asus ni Esc. Acer ni F12, lakini mara nyingi imezimwa, kwa hiyo unaingia kwanza F2 na kuiwasha.

Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kusakinisha kitu. Usibofye ile alama ya kusakinisha. Fungua kidhibiti faili, chagua diski ya Windows, ingia Users, kisha folda yenye jina lako, nakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenda diski ya nje. Kama inalalamika kwamba Windows ililala, itafunguka kwa kusomwa tu, na kwa kunakili hiyo inatosha.

Baadaye utakapotumia flashi ya kusakinisha Windows, kama diski haionekani kabisa humo, kwenye laptopu zenye Intel kizazi cha 11 na kuendelea sababu mara nyingi ni kidhibiti cha diski kiitwacho VMD, ambacho flashi hiyo haina draiva yake. Pakua draiva ya Intel RST ya modeli yako. Usizime VMD kwenye BIOS ukaiacha hivyo: Windows itakataa kuwaka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukirudisha kama ilivyokuwa, inawaka tena.

#11 Amri_Nyeusi

Baada ya kunakili, njia ya kubadilisha nywila ni hii: tunaibadilisha utilman.exe, programu inayofungua menyu ya Accessibility kwenye skrini ya kuingilia, iwe kidirisha cha amri. Inahitaji flashi ya kusakinisha Windows (Media Creation Tool ya Microsoft, flashi isiyopungua GB 8).

Buti kutoka kwenye flashi. Ikifika skrini ya kuchagua lugha, bonyeza Shift+F10. Kidirisha cheusi kinafunguka. Usidhani Windows yako ni C: humo ndani, herufi zinabadilika. Jaribu dir c:\ kisha dir d:\ mpaka uione folda ya Users. Tuseme ni D:

d:
cd \windows\system32
ren utilman.exe utilman.bak
copy cmd.exe utilman.exe
wpeutil reboot

Chomoa flashi. Kwenye skrini ya kuingilia bofya ile alama ya Accessibility, kidirisha cheusi kinafunguka badala ya menyu, na unaandika net user kama alivyoeleza MezaYaFundi.

Ukishaingia, buti tena kwa flashi, futa utilman.exe ile ya bandia na uirudishe .bak kwenye jina lake. Ukiiacha, mtu yeyote atakayekaa mbele ya kompyuta hiyo atakuwa msimamizi bila kuandika nywila. Hatua hii wengi wanaisahau.

#12 SAM_na_Mint

Mkuu Amri_Nyeusi, njia yako ilikuwa ya uhakika miaka ya nyuma. Siku hizi Defender, kinga ya virusi ya Windows, anaitambua: kidirisha kinafunguka sekunde moja na kujifunga, au hakifunguki kabisa. Watu wanarudia hatua mara tano wakidhani wamekosea amri. Inapita tu ukiwasha kwa Safe Mode, ambako Defender hafanyi kazi: shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4.

Mimi ninapendelea kuhariri moja kwa moja faili la SAM, ambamo Windows hutunza nywila za akaunti za ndani, maana hakuna faili la mfumo linalobadilishwa jina na hakuna kitu cha kukumbuka kurudisha. Ukiwa na Hiren's BootCD PE (flashi ya kuwashia yenye zana za mafundi), fungua NTPWEdit, hakikisha njia ni Windows\System32\config\SAM ya diski yako, bofya Open, chagua jina, Change password, acha visanduku vitupu, Save changes. Washa upya, ingia bila nywila, weka mpya.

Ukiwa na Mint tayari, ingiza chntpw kwa sudo apt install chntpw, nenda kwenye folda ya config ya diski ya Windows, kisha:

sudo chntpw -l SAM
sudo chntpw -u "asha" SAM

Chagua 1 kufuta nywila, q kutoka, y kuandika. Ikikataa kuandika, diski imefunguka kwa kusomwa tu kwa sababu Windows haikuzimwa kikamilifu. Rudi Windows, kwenye skrini ya kuingilia shikilia Shift huku ukibofya Shut down, ndipo urudi Mint. Usilazimishe kufuta faili la kulala, kazi iliyokuwa wazi inapotea humo.

#13 Amri_Nyeusi

Nakubali kuhusu Defender, na NTPWEdit ni salama zaidi kwa asiyezoea amri. Lakini utilman inafaa pale SAM haikusaidii: akaunti ikiwa ya Microsoft. Ukijaribu net user kwenye akaunti hiyo unapata kosa 8646, yaani kompyuta inasema haina mamlaka juu ya nywila hiyo. Hapo unaunda msimamizi mpya:

net user msaada Nywila123 /add
net localgroup administrators msaada /add

Unaingia na "msaada", unafungua C:\Users na folda ya akaunti ya zamani, unabofya Continue, unasubiri ruhusa zibadilike, na faili zako ziko hapo. Kwa folda kubwa inaweza kuchukua dakika nyingi, usizime.

Kwa walioko Bujumbura, Goma au Lubumbashi wenye Windows ya Kifaransa: kundi haliitwi administrators, linaitwa Administrateurs. Amri inakataa kwa sababu hiyo tu.

#14 NyaraKwanza

Kabla hamjamruhusu aendelee, mwambieni gharama. Nywila ya akaunti ya ndani ikibadilishwa kwa nguvu, Windows haiwezi tena kufungua vitu vilivyofungwa kwa nywila ya zamani: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na faili zilizosimbwa kwa EFS (zile zenye alama ya kufuli). Faili za kawaida haziguswi.

Kama nywila za kivinjari zilikuwa zinasawazishwa na akaunti ya Google, zitarudi ukiingia tena. Kwa EFS bila cheti ulichohifadhi nje, faili hazifunguki. Isipokuwa siku moja ukiikumbuka nywila ya zamani: ukiirudisha ileile, herufi kwa herufi, vitu vinafunguka tena. Kwa hiyo usikimbilie kufuta akaunti ya zamani baada ya kufaulu.

#15 Salma_Dodoma

Na ile "Reset this PC" yenye "Keep my files"? Inaonekana rahisi kuliko haya yote.

#16 MezaYaFundi

Haitatui tatizo, dada. "Keep my files" inaacha faili na akaunti pia, pamoja na nywila yake, halafu inaondoa programu zote ulizosakinisha. Unamaliza saa mbili, unakuta kisanduku kilekile cha nywila na Office haipo. Inayoondoa nywila ni "Remove everything", na hiyo inaondoa na vingine vyote.

#17 Pengwini_Mwanza

Kwa wenye Ubuntu (aina ya Linux) nitakuwa mfupi. Washa ukigonga Esc mara moja (mashine za zamani za BIOS, shikilia Shift) mpaka menyu ya kuwashia, GRUB, itokee. Chagua Advanced options, kisha mstari wenye recovery mode, kisha root.

mount -o remount,rw /
passwd asha
reboot

Ukiruka mstari wa kwanza utaona "Authentication token manipulation error", kwa sababu diski bado ni ya kusomwa tu. Ukiingia, mfumo utaanza kudai nywila ya zamani ya mkoba wa nywila kila unapofungua kivinjari. Folda ya .local/share/keyrings ina login.keyring, libadilishe jina. Zilizokuwa ndani hazisomeki bila nywila ya zamani. Kama diski nzima imefungwa kwa LUKS (kufuli la diski la Linux) na umesahau maneno yake, hakuna recovery mode itakayokusaidia.

#18 SAM_na_Mint

Mac yenye chipu ya Apple: izime, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka chaguo za kuwasha zitokee, Options, Continue, kisha "Forgot all passwords?". Mac ya Intel: washa ukishikilia Command na R, fungua Terminal, andika resetpassword. Utahitaji akaunti ya Apple au ufunguo wa FileVault (kufuli la diski la Mac) wenye herufi na namba 24. Vyote viwili vikikosekana, kinachobaki ni kufuta, na ukishafuta bado Activation Lock, kinga ya wizi ya Apple, inaweza kutaka akaunti ileile ya Apple.

#19 KibodiZaMitumba

Kuna wanaochanganya nywila ya Windows na ya BIOS. Ikiwa kisanduku kinatokea kabla hata nembo ya Windows haijazunguka, hiyo ni ya BIOS. Kompyuta ya mezani: chomoa umeme, toa betri ya CR2032 au hamisha kijumpa kilichoandikwa CLR_CMOS (kwa Dell nyingi PSWD), rudisha. Laptopu za kisasa zinaiweka nywila hiyo kwenye chipu isiyopoteza kumbukumbu, kwa hiyo kutoa betri hakufanyi kitu zaidi ya kuharibu saa. Watengenezaji husaidia ukiwa na namba ya mashine na uthibitisho wa kununua.

Na kwa wanaonunua mitumba: washa mashine mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti, ifute, iendeshe mpaka mwisho wa kuanzisha. Ikitokea skrini inayotaja jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazi, imesajiliwa kwa kampuni hiyo na kupiga Windows hakutaiondoa. Rudisha hapohapo.

#20 Kijana_wa_Mombasa

Nina laptopu ya mtu, anataka nifungue bila mwenyewe kujua, ni ya ndugu yake. Njia ya #12 itafaa?

#21 MezaYaFundi

Usiifanye, kaka. Kuingia kwenye kompyuta bila idhini ya mwenyewe ni kosa la jinai: Kenya kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Aliyeshika kibodi naye anaweza kushtakiwa. Mwambie alete mwenye mashine. Kwa mteja yeyote, omba risiti au akutajie jina la akaunti na vilivyomo kwenye Desktop kabla hujaanza, kisha vilinganishe ukiwa Mint.

#22 Mpakato_Mzee

Data nimenakili, GB 61 zote. Nimetumia Safe Mode na utilman. Nimeandika net user "Juma Fundi" * inasema "The user name could not be found". Jina ndilo hilo kwenye skrini.

#23 Amri_Nyeusi

Hilo ni jina la kuonyesha tu, si jina la akaunti. Andika net user peke yake, tazama orodha. Puuza Administrator, DefaultAccount, Guest na WDAGUtilityAccount. Litakalobaki ndilo lako. Mara nyingi ni neno moja, kama juma, au jina ambalo muuzaji aliliweka siku ya kwanza, kama user au hp.

#24 Mpakato_Mzee

Ni "hp". Imekubali, nimeingia. Narudi kwenye flashi kuirudisha utilman.

#25 SAM_na_Mint

Ukimaliza, mkuu, ukiwa bado umeingia, chomeka flashi nyingine ndogo, tafuta "Create a password reset disk" kwenye Control Panel, fuata kisha iweke kabatini. Inafanya kazi hata ukibadilisha nywila baadaye. Na uangalie kama BitLocker imewashwa kwa amri hii ya msimamizi:

manage-bde -status c:

Ikionyesha "Protection On", chapa manage-bde -protectors -get c: na uandike zile namba 48 kwenye karatasi, fungu kwa fungu.

#26 Mpakato_Mzee

Imeandika "Protection Off", na utilman imerudi jina lake. Flashi ya userkey nimeitengeneza.